Fomu Thelathini na Moja

Somo la adabu ni Alhamisi, saa tatu,
baada ya hesabu, kabla ya supu.
Wakirgizi huliita adep.
Ni neno letu lile lile;
letu lilishukia kwenye joto,
lao likapanda milima
na huko juu likajifunza kuvaa manyoya.

Nurgazi alifika na lori la maziwa
kutoka taasisini, Bishkek,
na fomu thelathini na moja kwenye bahasha,
kwa kuwa daftari la wilaya lilisema:
wanafunzi thelathini na mmoja.
Utafiti wake ulikuwa na jina refu
lenye neno maadili mara mbili.

Mwalimu Anarkan aliita majina.
Alipofika kwa Toktosun, sauti ya nyuma ilisema, Yupo.
Alipofika kwa Syrga, Yupo,
nyembamba kidogo.
Hakuna aliyegeuka kutazama.

Makaa ya mawe yalikohoa jikoni.
Watoto waliandika na glavu zilizokatwa vidole.
Kuiba ni vibaya? Ni vibaya.
Ukiokota pochi? Nitairudisha.
Mzee akipanda basi? Nitampisha.
Hata Ermek, aliyekuwa na vipande vitatu
vya makaa ya shule
chini ya kitabu chake cha jiografia,
aliandika ni vibaya
kwa mwandiko mzuri kuliko wote,
akapigia mstari.
Wala hakudanganya.
Aliamini hivyo kabisa,
na bibi yake alikuwa na baridi.

Usiku, chumbani, Nurgazi alizipanga fomu.
Thelathini na moja.
Lakini ana ugonjwa wa kuhesabu, huyu bwana:
huhesabu ngazi, huhesabu kunguru,
na darasani alikuwa amehesabu kofia.
Ishirini na tisa.

Dereva wa maziwa ndiye aliyemwambia, bila kuulizwa sana.
Wale wawili? Baba yao anapiga lipu Yekaterinburg,
mwaka wa pili huu.
Darasa likishuka chini ya thelathini
wilaya inalifunga,
na shule inayofuata iko ng'ambo ya mto,
kilomita kumi na nne,
na mto, wewe mwenyewe umeuona.

Basi akazitoa zile mbili, akazisogeza taani.
Zimeandikwa kwa mkono wa kushoto, bila shaka,
herufi zimelala kama ng'ombe wagonjwa,
na makosa ya tahajia yaliyochaguliwa vizuri mno:
makosa ambayo ni mwalimu tu ayajuaye kwa moyo.

Swali la tisa.
Utasema ukweli hata ukimdhuru umpendaye?
Ndiyo, wamesema ishirini na tisa,
ndiyo, ndiyo, kama wanaopiga misumari.
Fomu ya Toktosun: Sijui.
Fomu ya Syrga ina maneno yaliyofutwa,
karatasi imechubuka, karibu itoboke,
kisha, juu ya mchubuko:
Inategemea nani anauliza, na kama ameshiba.

Alikaa nayo hadi jiko likazima.
Alikuja kutafuta mtoto mmoja aliyefikiri,
naye hakuwapo darasani.

Asubuhi Anarkan alimletea mkate na siagi
na hakumtazama usoni.
Alisema, Watoto wamejibu vizuri?
Akasema, Vizuri.
Hapo ndipo naye alipotia sahihi,
ingawa kalamu ilikuwa bado mfukoni.

Ripoti ilisifiwa. Waliohojiwa: thelathini na mmoja.
Asilimia tisini na nne husema ukweli daima.
Wawili waliobaki wana safu yao pembeni,
yenye kichwa kilichochapwa tayari:
Hawakuelewa swali.

Fomu ya Syrga haikurudi kwenye faili.
Iko jikoni kwake, chini ya bili ya umeme.
Bintiye aliiona akitafuta kiberiti,
akaisoma akiwa amesimama, akacheka, akaacha kucheka.
Huyu mtoto ana miaka mingapi?
Tisa, alisema Nurgazi.
Akamimina chai. Akakoroga, bila sukari.
Hamsini na minne, alisema.